Kitangi cha Fundi Dohani

Mtaa mzima ulimwita Fundi Dohani, na jina alilopewa na wazazi wake lilishasahaulika. Alishona vizuri, hilo hata mahasimu wake walilikubali wakiwa peke yao. Ila alivuta sigara kuanzia chai ya asubuhi hadi taa inapozimwa, na suruali ikitoka kwake ungeitambua gizani kwa pua. Wateja walizoea. Walizianika nguo zao juani kwanza, kisha wakazivaa, wakasema fundi ni fundi tu.

Aliyekataa kuzoea ni binti yake, kitinda mimba wake, ambaye sasa alikuwa anaolewa. Alikuja na kitambaa cheupe cha hariri, akasimama mlangoni bila kuingia.

"Baba, usinikasirikie," alisema. "Gauni langu nalipeleka kwa yule fundi wa ng'ambo ya barabara."

"Yule? Anayeshona magauni utadhani mapazia ya ukumbi?"

"Mapazia hayanuki sigara."

Maneno yalimchoma mzee. Gauni lile alikuwa amelishona kichwani tangu binti huyo anajifunza kutembea. Mke wake, aliyekuwa anachambua mboga, hakumwonea huruma hata kidogo.

"Mwachie kitambaa," alimwambia binti. "Ukija kulijaribu gauni, lipeleke puani kwanza. Likinuka moshi, baba yako atakununulia kitambaa kingine ukashone kwa mwenye mapazia, na asifungue mdomo."

Kesho yake fundi alikwenda kwenye duka la sigara za umeme, zile zinazotoa mvuke badala ya moshi, uso ameukunja. Muuzaji, msichana wa rika la binti yake, alimwamkia kwa adabu, kisha akamwuliza bila adabu: "Mzee, wewe unavuta kweli? Kama huvuti, rudi nyumbani, usijianzishie balaa."

"Navuta tangu mama yako hajaota meno."

Msichana akamwagia mezani matangi madogo ya kutia maji ya kuvuta, ya kila aina. Moja lilikuwa na matundu na skrubu kila upande. "Hili linatoa wingu zito," alisema.

"Wingu ndilo lililonileta hapa, mwanangu. Nipe kitu cha mtu mwenye akili timamu."

Akachagua dogo kuliko yote: kioo cha kuonea maji yakipungua, kifuniko kinachofunguka juu, na koili, yaani waya wa kuyapasha maji hayo moto, yenye pamba ndani. Alilipenda kwa sababu ile ile aliyoipendea cherehani yake, kwamba hakukuwa na kitu asichoweza kukifungua na kukifunga mwenyewe. Msichana akalifunga kwenye betri yake, akamwongezea chupa ndogo ya maji ya ladha ya embe, akamfundisha: mimina maji pembeni, usimimine kwenye tundu la katikati, hilo ni njia ya hewa; ukiweka koili mpya, subiri pamba ilowe ndipo uvute. Fundi aliitikia kila neno bila kusikiliza hata moja.

Nyumbani akamimina katikati. Alipovuta, kitangi kikakoroma na maji ya moto yenye ladha ya embe yakamrukia kooni. Mke wake alicheka hadi akashika ukuta. Fundi akakisafisha, akaweka koili mpya, akavuta papo hapo, na sasa akapata ladha aliyoijua vizuri: pamba inayoungua, kama shati lililosahauliwa chini ya pasi. Mtu aliyekula na kulala na pamba maisha yake yote, kuunguza pamba ndani ya mdomo wake mwenyewe! Aliona aibu, akakilaumu kitangi. Mara ya tatu alikunja mikono akasubiri, na kikavutika vizuri.

Siku zikaenda bila pakiti ya sigara, gauni likapata umbo. Balaa likaja na chupa. Fundi huyu kila anapokaa kazini huitia cherehani mafuta bila kutazama; mkono unajua chupa iko wapi. Na pale pale ndipo alipoanza kuweka chupa ya embe, ndogo vilevile, yenye mdomo mwembamba vilevile. Asubuhi ya siku ya kujaribu gauni, ukiwa umebaki upindo tu, aliinywesha cherehani embe kwenye kila tundu. Embe likachanganyika na mafuta ya zamani na vumbi la nyuzi. Cherehani ikazunguka kidogo, ikawa nzito, ikanata, ikagoma. Sisimizi walipata habari kabla yake. Walikuwa tayari wanapanda mguu wa meza.

Fundi akachanganyikiwa, akalinyanyua gauni mbali na sisimizi. Mkono ukakimbilia kopo la vifungo, ambamo chini kabisa alificha sigara moja ya dharura. Akaiweka mdomoni. Mke wake akamwona kutoka mlangoni.

"Washa basi," alisema. "Mwenye mapazia anasubiri."

Kiberiti kilikuwa mfukoni. Lakini ili akitoe na kukiwasha ilibidi aliweke gauni chini, na chini kulikuwa na sisimizi. Akasonya, akajikaza kisabuni, akatunga uzi kwenye sindano na kuanza kushona upindo kwa mkono, huku akiitafuna sigara pale ambapo siku zote hubana pini.

Binti alipofika alilipokea gauni akalipeleka puani: shingoni, kwapani, kiunoni. Fundi hakuwahi kuogopa pua ya mtu kiasi kile.

"Mbona linanukia embe?"

"Iulize cherehani," mama alijibu, akasimulia yote bila kumsitiri mumewe hata kidogo.

Binti alicheka hadi machozi yakamtoka, kisha akamsogelea fundi. Alikuwa ameiona sigara nyuma ya sikio la baba yake, pale alipoichomeka wakati wa kukata uzi wa mwisho, akaisahau. Akanyoosha mkono akaichukua. Upande mmoja tumbaku ilikuwa nzima. Upande wa pili ulikuwa umetafunwa hadi ukawa uji.

"Hukuiwasha."

"Sikuiwasha."

"Nini kilikuzuia?"

"Nilikuwa nimeshika gauni lako," fundi alisema, akageukia kuwapangusa sisimizi kwenye mguu wa meza.

Binti akaugeuza upindo, akapitisha kidole polepole juu ya mishono midogo ya mkono. Kisha akaivunja sigara, akaitupa dirishani, akavuta kiti akakaa kando ya ile cherehani inayonata, mahali ambapo hakuwahi kukubali kukaa tangu awe mkubwa.

"Haya," alisema. "Na shela nani atanishonea?"