Kisanduku Kinachokawia Kama Nakuja

Palikuwa na mama mmoja fundi makochi aliyezoea kuongea huku kabana misumari mdomoni. Hakuwahi kumeza msumari, na neno pia hakulimeza. Mtaa mzima ulimwita Misumari. Wengine walisema ni jina la kazi, wengine walisema ni la ulimi, na mwenyewe hakuuliza, maana kochi lililobonyea huletwa vilevile.

Jumamosi alivua aproni akashika gitaa la solo kwenye bendi ndogo ya kumbi za harusi. Gitaa la pili lilikuwa la mdogo wake, tumbo moja, ziwa moja. Huyo aliitwa Nakuja, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Chakula kinapoa: nakuja. Gari linaondoka: nakuja. Ukimgombeza alikuwa na methali moja tu mfukoni. "Kawia ufike, dada," na kweli alifika, chakula kimeshakuwa jiwe.

Hata kwenye gitaa alichelewa. Dada na mdogo mtu walipiga mstari mmoja, nota zilezile, ila kidole cha Nakuja kiligusa uzi nyuma kidogo ya kidole cha dada yake, kidogo mno, kama kivuli kinavyomfuata mtu. Ule uvivu ulizaa sauti iliyojizungusha yenyewe, ikapanda na kushuka kama upepo ndani ya bomba. Wapiga gitaa wa bendi nyingine walikuja kuuliza wanatumia mashine gani.

"Tunamtumia mdogo wangu," Misumari aliwajibu. "Hauzwi."

Kisha Nakuja akaenda ng'ambo kutunza wazee wa watu, kwa mkataba mmoja tu, alisema. Mkataba ukazaa mkataba. Akipigiwa simu na kuulizwa lini, alijibu lile jina lake. Misumari akamtengenezea stuli mpya ya jukwaani, ngozi nyekundu, sponji ngumu isiyochoka, akaiweka kwenye kona ya karakana, na ole wake mteja aliyeikalia. Kila mpiga gitaa aliyeletwa kuziba pengo alimkataa. Huyu ana kucha kama jembe. Yule anapiga kama anayefukuza kuku. Wa tatu hakuwa na kosa lolote, na hilo ndilo lililomkera zaidi.

Alasiri moja shemeji yake, mdogo wa mumewe, aliingia karakana na mfuko wa karatasi. Siku za kazi huyu alikuwa fundi bomba, na Jumamosi alipiga ngoma za bendi. Alisogeza mikasi akaweka mezani kisanduku cha plastiki cha rangi ya zambarau.

"Shemeji, nimekuletea mpiga gitaa," alisema. "Hali, halali, haombi nauli."

"Na hawatongozi wasimamizi wa bibi harusi? Basi huyo si mwanamuziki."

"Inaitwa flanja. Unapiga nota yako, yenyewe inaiiga, inaichelewesha kidogo tu, halafu inazichanganya."

"Inaiga na kuchelewa. Hiyo kazi ina mwenyewe."

Shemeji alijikuna shingo. "Muuzaji amekubali tujaribu. Isipofaa, kesho namrudishia. Ikifaa, shemeji yangu, tuache kusubiri. Na ile stuli pale..." Akaishia hapo, maana ile misumari mdomoni mwa Misumari ilikuwa imemwelekea yeye.

Misumari alielewa vizuri sana. Kisanduku kikifaulu, kona ile itakuwa ya kurundikia sponji, na Nakuja atakuwa mtu aliyekuwepo zamani. Hajapata kutokea msimamizi wa mtihani aliyemwombea mwanafunzi kufeli namna ile.

Alikikagua kama anavyokagua kochi la mtumba, yaani alianza kwa kukilaza chali. Akabonyeza tumbo, likabonyea.

"Kitu cha bei ya chee hiki. Mtu akikikanyaga na kiatu cha harusi tutapata sahani."

Akajaribu vifundo vitatu vya kuzungusha vilivyokuwa juu yake. Kimoja kilicheza kama jino la mtoto. Kifuniko cha betri kiligoma kufunguka mpaka akakitia bisibisi. Akachomeka gitaa, akawasha spika, akakanyaga. Ukasikika mlio kama wa mtu anayekaanga kitu chumba cha pili.

"Nani anapika?"

"Ukianza kupiga hausikiki," alisema shemeji.

"Na nikikikanyaga sauti inapungua. Kinaona haya?" Akazungusha vifundo vyote mpaka mwisho, akapiga nota moja. Kisanduku kikalia kama paka aliyebanwa mlangoni. Misumari akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. "Umesikia? Rudisha."

"Umezungusha vyote mpaka mwisho, shemeji. Hata wewe ukizungushwa hivyo utalia."

"Mimi nimeolewa na kaka yako. Nimezungushwa vya kutosha, na sijalia."

Lakini hakupenda aambiwe kwamba mtihani wake ulikuwa wa hila. Akakirudisha kifundo cha kasi karibu na mwanzo. Cha pili akakiacha katikati. Kile kilichocheza akakigusa tu kwa ncha ya kidole, kama mtu anayejaribu maji ya moto. Kisha akapiga ule mstari wa kuwaingiza maharusi ukumbini.

Nakuja akaingia karakana.

Alikuwa yeye mwenyewe, nyuma kidogo ya dada yake, anamfuata bila haraka. Nota ikaondoka, ikaenda mpaka unadhani imepotea, halafu ikarudi ikamlalia dada mtu begani. Misumari alitema misumari kiganjani. Shemeji, aliyekuwa akigonga mdundo kwenye mkono wa kochi, aliacha.

"Shemeji?"

"Nyamaza."

Akaurudia mstari. Kisha akachukua simu, akapiga, akaiweka juu ya kochi kwa sauti ya wazi.

"Dada, niko kazini," sauti ya Nakuja ilisema. "Namlisha bibi. Sema haraka."

"Sisemi. Sikiliza."

Akapiga mstari wote.

"Nani huyo kwenye nafasi yangu?" Nakuja aliuliza.

"Hakuna mtu."

"Usinifiche, dada. Anachelewa kama mimi. Mmemtoa wapi?"

"Dukani. Ni kisanduku cha plastiki, kakileta shemeji."

Nakuja alicheka, na kicheko kikakatika katikati. "Kwa hiyo kinafanyaje?"

"Kinachelewa. Kinakwenda mbali, halafu kinarudi." Misumari akakohoa kidogo. "Kila mara kinarudi."

Hakukusudia kumchoma, lakini maneno yake yalizoea kutoka na ncha. Kule mbali kijiko kiligonga sahani.

"Shemeji anataka kujua tukinunue au akirudishe," alisema Misumari. Kisha akangoja. Lile neno alilolichukia tangu wakiwa wadogo, lililompozea chakula na kumkosesha magari, leo angelipokea kwa mikono miwili. Nakuja angelisema, hata kwa uongo, kisanduku kingerudi dukani na stuli ingebaki na mwenyewe.

"Kinunueni, dada," alisema Nakuja.

Na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakuchelewa kujibu.

Simu ilipokatika, shemeji aliuvuta ule mfuko wa karatasi. "Hata hivyo naweza kukirudisha," alisema taratibu.

"Huna masikio? Mwenye nafasi ameshasema." Misumari alipangusa uso kwa aproni, akaisingizia gundi. "Ila kinateleza sakafuni. Nitakitia kitako cha ngozi."

Akapekua vipande vya ngozi chini ya meza. Kulikuwa na kahawia, kijani, nyeusi. Nyekundu ilikwisha yote kwenye stuli. Akachukua koleo, akaenda kwenye kona, akaipindua stuli miguu juu.

"Shemeji, usiivue," alisema mpiga ngoma.

Hakumjibu. Aling'oa misumari ya upande mmoja tu, pale chini ngozi ilipokunjwa ikabaki ziada, pasipoonwa na mtu. Akakata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakaza ngozi iliyobaki, akaigongelea upya. Kisha akaisimamisha stuli na kuikandamiza kwa mkono. Sponji ikazama, ikapanda. Akairudisha kwenye kona yake.

"Nipe gundi," alisema, misumari imeshakuwa mdomoni tena. "Na usiikalie."