Mbuzi wa Daraja Ambalo Halijajengwa

Mwezi uliopita nilikula kidari cha mbuzi aliyechinjwa kushukuru kwa daraja ambalo halijajengwa, na kosa ni langu.

Mvua ilisomba daraja la kitongoji kimoja huko Kibosho, wakati bajeti ya halmashauri yetu imeshakwisha. Tukaamua kukopa benki kwa miezi michache, lakini kisheria lazima Waziri wa serikali za mitaa aridhie. Barua ya kuomba niliiandaa mimi, ofisa mipango. Jibu lilipofika niliona muhuri wa wizara, nikampigia mwenyekiti wa kitongoji: "Mambo tayari!" Sikusoma zaidi ya salamu.

Jumapili baada ya misa nikaalikwa kule kitongojini. Bibi Anasia, mkazi wa huko, alikuwa amechinja mbuzi wake wa pekee, kwa sababu mjukuu wake Neema ni mjamzito na zahanati iko ng'ambo ya mto. Nikiwa natafuna, mwenyekiti akasema, "Ofisa, hebu tusomee hiyo barua, wazee wafurahi."

Nikasimama, nikaitoa mfukoni, nikasoma kwa sauti ya mhubiri: "Ombi lenu halitashughulikiwa, kwa kuwa hamkuambatisha muhtasari wa kikao cha madiwani."

"Nani alitakiwa kuuambatisha?" mzee mmoja akauliza.

"Mimi."

Bibi Anasia akanitazama, kisha akanisogezea sahani. "Maliza kula, mwanangu. Huyu mbuzi hafufuki."

Muhtasari niliupeleka kesho yake asubuhi. Neema amebakiza wiki tatu, na jibu bado halijafika.