Mkono Ndani ya Tanuru

Juzi, kwenye uwanja wa shule moja Kizwite, niliwaona wazazi wakikanda udongo na watoto wao, wakijenga tanuru dogo la mfano. Harufu ya udongo ule mbichi ikanirudisha kwenye alasiri moja ya utotoni, mwalimu wetu alipotupeleka pamoja na wazazi kuona tanuru la kale la kuyeyushia chuma, huko kwenye njia ya kwenda kijiji cha Kate.

Lilisimama peke yake katikati ya nyasi, refu kumzidi mama. Upepo ulipita kwenye matundu yake ukivuma kama mtu anayembembeleza mtoto. Mwalimu alituruhusu kuligusa, akasema, "Wazee wetu waliliona kama bibi harusi. Humu ndimo chuma kilimozaliwa."

Mama alikuwa ametoka hospitali majuzi tu, bila yule mtoto tuliyekuwa tukimsubiri. Mimi niliamini kwamba bado hajazaliwa, kwamba pale hospitali walishindwa tu kumpata. Basi nikaingiza mkono kwenye tundu, nikapapasa udongo wa baridi.

"Unatafuta nini, mwanangu?" mama akauliza.

"Mdogo wangu. Mwalimu amesema humu wanazaliwa."

Mama akapiga magoti kwenye nyasi, akaingiza mkono wake kando ya wangu. Sasa najua kwamba alijua hamna kitu. Lakini alipapasa pamoja nami, taratibu, hadi vidole vyetu vikakutana gizani. Akavishika vyangu, akalia kwa mara ya kwanza tangu arudi nyumbani.