Swali la Mwanaidi kwa Watu Asiowajua

Mwanaidi wa Vuga alikuwa mama wa kutazama. Maneno yake machache, lakini macho hayalali. Alijua ng'ombe anaumwa kabla hajaacha majani, na kwa jinsi mumewe Nassoro alivyovua viatu mlangoni tu, alijua kama ana jambo moyoni. Basi ile siku ya Ramadhani alipojikata kiganja kwa mundu akikata majani ya ng'ombe, aliona vizuri kilichotokea. Binti yake Zakia alikuja mbio na kitambaa, akaitazama damu, akateleza ukutani taratibu mpaka chini, macho yamegeuka. Mwanaidi alijifunga kidonda mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, kisha akammwagia binti maji usoni.

"Ni swaumu tu, mama," Zakia alisema alipozinduka.

"Ni swaumu," Mwanaidi akaitikia, na wote wawili wakaliacha hapo.

Kama Zakia angetaka ukarani, lisingekuwa jambo. Lakini tangu darasa la tatu alikuwa akisema atakuwa tabibu. Sasa kidato cha nne kimekwisha, alama za baiolojia na kemia zimetosha, na fomu ya chuo iko kwenye begi, inatakiwa irudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nassoro alikwisha kuwatangazia majirani wote. Jirani akikohoa tu, alimwambia avumilie, daktari anakuja.

Miaka ile kila mwenye chumba mjini Lushoto alikuwa anafungua biashara, na mmoja alifungua chumba cha kompyuta nyuma ya soko. Kila Alhamisi, karoti alizoshuka kuuza sokoni zikiisha, Zakia aliingia humo. Akirudi alimsimulia mama yake habari za jukwaa la mtandaoni, ambako mtu huuliza swali na watu wa nchi nzima wakamjibu: chuo gani kina mabweni, wanafunzi huingia wodini mwaka wa ngapi, nani alishindwa mtihani na kwa nini. Mwanaidi alisikiliza huku akichambua maharage. Aliona kwamba mwanawe ameuliza yote isipokuwa lile moja.

Akimzuia, atamvunja moyo. Akimwacha aende, je, akianguka mbele ya wagonjwa na kurudishwa nyumbani? Alikaa na fikra hizo siku nyingi. Mwisho akachana karatasi ya daftari, akaandika kwa mwandiko wake wa darasa la saba, na Jumapili akashuka sokoni peke yake.

Mwenye zamu kwenye kompyuta alikuwa Klara, msichana mpole mwenye vidole vyepesi. Aliisoma ile karatasi, akatabasamu. Nusu nzima ilikuwa salamu: shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo, sisi huku milimani ni wazima, mvua imenyesha, mahindi yamesimama.

"Mama, huku watu hawasalimiani," Klara alimweleza. "Unauliza tu moja kwa moja."

"Hawasalimiani wana ugomvi gani?"

Klara akaandika vyote. Penye jina alimshauri asiweke la kwake. Hilo nalo halikumpendeza Mwanaidi, maana kwao barua isiyo na jina ni ya fitina. Wakakubaliana iwe Mama wa Milimani. Kisha likaja swali lenyewe: binti yangu anataka kusomea utabibu, lakini nilipokatwa na mundu aliona damu akazimia, akaniambia ni swaumu. Je, mtu wa namna hiyo huzoea, au nimzuie mapema kabla hajaaibika?

Alhamisi Zakia alikwenda sokoni kama kawaida. Jioni alirudi, akala, akaosha vyombo, wala hakusimulia habari yoyote ya jukwaani. Mwanaidi alimtazama mgongo wake pale penye beseni.

Jumapili Klara alimwekea kiti. Majibu yalikuwa mengi kuliko walivyotazamia, na karibu yote yalianza na marahaba, au na mtu kuomba radhi kwamba yeye ndiye mdogo, hivyo shikamoo ni yake kuitoa. Mmoja alidhihaki kwamba binti huyo akafundishe chekechea. Lakini mkunga mmoja wa Njombe aliandika kirefu. Siku ya kwanza alipoona mtoto akizaliwa, alisema, yeye ndiye aliyelazwa kitanda cha pili, na mzazi akawa anamuulizia hali. Alianguka mara tatu mwezi ule. Dawa yake ilikuwa kunywa chai kabla ya zamu, kutokukaza magoti anaposimama, na kumwambia mwalimu wake ukweli mapema. Wengi huzoea, aliandika. Wasiozoea wapo pia, wengine wamehamia famasia na wanafanya kazi vizuri. Asizuiwe, ila asifiche.

Jibu la chini kabisa lilikuwa fupi. Mwanaidi alilisoma kwa kidole, neno kwa neno, na Klara akageuka kutazama dirishani.

"Shikamoo mama. Haikuwa swaumu. Niliogopa ukijua utanizuia."

Mwanaidi hakutaka jibu lake liandikwe. Alimshukuru Klara, akapanda gari la kurudi na kapu lake bado lina karoti.

Alimkuta Zakia jikoni, fomu iko juu ya kinu kilichopinduliwa. Ilikuwa imejazwa yote, pamebaki pa mzazi.

"Na usipozoea?" Mwanaidi aliuliza.

"Nitahamia famasia. Yule mkunga amesema wapo."

"Na mwalimu utamwambia?"

"Siku ya kwanza, mama."

Nje, Nassoro alisikika akimshauri jirani asihangaike na goti lake, ni suala la miaka mitatu tu ya chuo. Zakia alinong'ona, je, baba naye aambiwe?

"Baba yako tutamwambia ukishazoea," Mwanaidi alisema. "Tukimwambia leo ataanguka yeye."

Wakacheka kimyakimya, mama amejiziba mdomo kwa kanga. Kisha akaomba kalamu. Hofu haikuwa imemtoka, na alijua haitatoka hata baada ya miaka hiyo mitatu. Akafuta mkono wake kwenye nguo, akatia sahihi polepole, jina zima, pamoja na la baba yake mzazi, ingawa nafasi haikutosha.