Wajomba wa Huku Wanakusalimu

Nilipokuwa karani wa mizani kwenye shamba la ngano la serikali, upande wa Hanang, niliwasomea watu barua pia. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimemaliza darasa la saba, na nilijisikia kweli kweli. Barua ikifika, mwenyewe alikuja nayo kwenye baraza la ghala saa ya mapumziko na majirani wakakusanyika. Kwetu barua haikuwa ya mtu mmoja. Ilibeba salamu za kila nyumba, na aliyekwenda kusomewa chumbani alihesabiwa mwizi wa salamu za wenzake.

Wakati wa vita na Uganda vijana wengi walichukuliwa. Mmoja wao alikuwa mtoto pekee wa mama mjane aliyeshona magunia pale ghalani. Mama yule aliniletea maziwa ya mgando na kuniita mwanangu. Kwa miezi kadhaa hakupata habari yoyote, halafu akaja na karatasi iliyokunjwa mara nne, haina bahasha wala stempu. Alikuwa amepewa mnadani na mtu asiyemfahamu. Hapo ningepaswa kushtuka. Barua za vitani zilitufikia zimeshafunguliwa njiani, nyingine zina mistari iliyofutwa kwa wino. Hii haikuguswa na mtu. Lakini watu walikuwa wamekaa kunisikiliza, na mimi nikisikilizwa nilikuwa sifikiri.

Nikasoma. Kijana alisema yu mzima, mama asilie, wataonana Mungu akipenda. Hakutaja alipo. Alijitahidi kuficha, maskini, mpaka alipofika kwenye salamu, na nani kwetu angemaliza barua bila salamu?

"Wajomba wa huku wote wanakusalimu," nilisoma kwa sauti yangu ya kanisani, "na bibi anasema mguu wake umepata nafuu."

Wajomba zake walikaa kijiji cha Daudi, kule juu Mbulu, na kila mtu barazani alijua hivyo. Basi kijana hakuwa vitani. Alikuwa ametoroka, amejificha kwa mjomba, na mimi ndiye niliyetangaza. Mama akanishika mkono.

"Inatosha, mwanangu."

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, ambaye siku zote alingoja salamu zake hata barua iwe ndefu namna gani, alikuwa ameshanyanyuka na kwenda. Salamu zake zilikuwepo, mstari uliofuata. Sikuzisoma.

Siku ya nne tulipata habari kwamba mgambo walizunguka nyumba ya mjomba, wakamtoa kijana kwenye zizi la ng'ombe na kumrudisha vitani. Sijui kama ni mjumbe aliyepeleka taarifa. Nimemchukia miaka yote bila ushahidi, kwa sababu kumchukia yeye kunanipumzisha kidogo.

Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Aliitikia shikamoo yangu kila asubuhi na kuendelea na sindano yake, ila maziwa hayakuja tena.

Vita vilipokwisha, ofisi ya shamba ilipokea barua ya mama yule, yenye muhuri wa jeshi. Niliomba niipeleke mwenyewe. Nilimwambia nitamsomea ndani, mlango umefungwa, na sitamwambia mtu yeyote maishani mwangu. Aliipokea kwa mikono miwili, akaipapasa kingo zote.

"Wewe hapana," akasema. "Na mwingine hapana."

Vijana wengine walirudi. Wa kwake hakurudi, na hakumuuliza mtu. Nilikuwa nikimtazama akishona, najua barua iko nyumbani kwake, na nilitamani kuijua kwa namna inayonitia aibu mpaka leo.

Alipofariki tulikuwa wanawake wanne tuliomwosha. Tuliikuta kwenye sanduku la nguo zake, ameishonea ndani ya kipande cha gunia, mishono midogo midogo pande zote nne. Wenzangu walinigeukia, maana msomaji nilikuwa mimi, na mmoja akaninyooshea. Nilikataa kuipokea. Niliwaambia waiweke kifuani kwake, tukamzika nayo.