Mwokaji wa Remera na Haki ya Yusufu

Saa kumi na moja alfajiri, Mukantwari anakata kipande cha unga uliokandwa, kidogo kama yai, na kukitupa kwenye makaa. Ndivyo anavyoanza kila siku kabla ya kusuka mikate yake. Leo kipande hakijashika moto vizuri, mlango wa bati unagongwa.

Ni Kubwimana, mzee wa kanisa. Anapewa kigoda, anakataa kuketi.

“Mama Gaju, nimekuja kwa lile neno letu. Jumapili binti asimame mbele aseme kosa lake. Asiposimama, darasa lako la akina mama tunampa mtu mwingine.”

“Tutaona, Mzee.”

“Kila siku tutaona! Mimba iko inaonekana, wewe peke yako ndiyo hujaona?”

Nyuma ya pazia, Gaju, 22, anaendelea kufunga mikate ya jana kwenye mifuko ya karatasi. Ana mimba ya miezi saba. Aliyempa hapokei simu. Kwaya imeshamwondoa, sasa anatakiwa kulitaja jambo lake kwenye kipaza sauti.

Mukantwari, 51, ni mjane. Alizaliwa Karagwe, Tanzania, kwa wazazi wakimbizi, akarudi Rwanda akiwa na miaka ishirini. Kuoka alijifunza mtaa wa Kiyovu, alikompikia daktari mmoja mgeni, mama wa Kiyahudi, kwa miaka sita. Kile kipande cha motoni ni desturi ya mama huyo: sehemu ya Mungu hutolewa kwanza.

“Jikoni kwake Biblia ilianza kunukia chakula,” husema akicheka. “Kumbe nilikuwa nasoma habari za watu nisiojua wanakula nini, wanaoana vipi.”

Siku hizi, hapa Remera, huuza mikate kama sitini kwa siku, ikienda vizuri. Lakini kinachomnyoosha mgongo ni lile darasa, analolifundisha tangu mumewe afariki.

Humo alikuwa akieleza kwamba Yusufu wa Injili, yule aliyekuta mchumba wake ana mimba, ni kama kijana wa Kinyarwanda aliyekwisha kutoa mahari: ng’ombe wamepokelewa, binti bado yuko kwao, na mambo yakiharibika familia mbili zinakaa zinaelewana.

“Nilikosea,” anamwambia Kubwimana. “Mama wa Kiyovu aliniambia kwao zamani posa ilikuwa tayari ndoa. Kuivunja ni talaka. Mume akikuta mimba isiyo yake, angeweza kumshtaki mke hadharani, mji wote usikie. Yusufu akakataa. Na angalia: malaika hajaja bado! Anajua tu kwamba ameumizwa, na hataki kumwaibisha. Hapohapo Biblia inamwita mtu wa haki.”

Mwezi uliopita alilifundisha hivyo, bintiye akiwa benchi la nyuma. Wengine walilia. Wengine walikwenda kusema Mukantwari analeta Uyahudi kanisani.

“Hilo somo nimelisikia,” Kubwimana anasema, bado amesimama. “Zuri. Lakini Yusufu hakuwa na kamati ya kanisa juu yake.”

“Labda ndiyo maana alipata usingizi,” sauti inatoka nyuma ya pazia.

“Ceceka, nyamaza wewe!” mama anamkemea, lakini mdomo unamcheza kwa kicheko.

Pazia linasogea. Gaju anatoka, unga hadi kwenye viwiko.

“Mama, nitasimama. Ni dakika mbili tu. Usinyang’anywe darasa kwa ajili yangu.”

Mukantwari anaweka kisu chini na kumgeukia mgeni.

“Mzee, darasa mpeni mnayemtaka. Mimi Jumapili mchana nitafundisha hapa, watu wakae juu ya magunia, na huyu ataanzisha nyimbo. Atakayekuja aje.”

“Mama Gaju, fikiri kwanza.”

“Nimefikiri. Nimekuwa nikizungusha maneno kwa sababu nakuheshimu, na bado nakuheshimu. Lakini binti yangu hasimamishwi mbele ya watu. Si Jumapili hii, si nyingine yoyote. Mkimtaka, mtamkuta ameketi karibu na mimi.”