Mgawa barua asiyeweza kupita kibaraza bila salamu

Saa kumi na mbili kasoro asubuhi, ukungu haujainuka juu ya Mto Ocmulgee, na Arnetta Gadson amesimama katikati ya barabara mjini Macon, jimbo la Georgia, akisemwa kama mtoto.

"Narudia," anasema mdogo wake, Jerlean, huku akimbandika karatasi ya namba kifuani kwa pini. "Macho mbele. Mtu akikuita, unapunga mkono, unapita. Humuulizi habari ya nyonga. Humuulizi habari ya mjukuu. Keki hugusi."

"Na Bi Oletha akiniita?"

"Huyo ndiye hasa ninayemzungumzia!"

Waliosimama karibu wanaangua kicheko. Ni marathoni ndogo, wakimbiaji mia mbili na ushei, wengi wao wanajuana kanisani, hospitalini au kwenye foleni ya posta. Karibu wote wanajua yaliyompata Bi Arnetta mwaka jana, na leo hakuna anayemwonea haya.

Ana miaka hamsini na minane, na kazi yake ni kugawa barua. Kwa zaidi ya miaka ishirini amepita kwa miguu mitaa ileile ya upande wa magharibi wa mji, mkoba begani, nyumba hadi nyumba. Mkoba huo umemharibu kidogo. Hata akikimbia bila mzigo bado anainamia kushoto, na wenzake wa posta humtania kwamba akiachwa uwanjani peke yake atazunguka mviringo mpaka giza liingie.

Miguu anayo na pumzi anayo. Kinachomwangusha ni adabu. Katika mitaa ile kila nyumba ina kibaraza mbele, kila kibaraza kina kiti, na mtu akiwa kwenye kiti lazima umsemeshe. Ukimpita kimya, habari zako zitafika kanisani kabla yako.

"Mama alinichapa mara moja tu kwa kosa hilo," anasema Bi Arnetta. "Nilikuwa mdogo, nikampita jirani kama sikumwona. Nilirudishwa nikamsalimie upya. Na mbwa wake pia."

Sasa, mbio zenyewe zinapita karibu maili zote za mwisho katika mitaa yake ya kazi, kabla ya kurudi mtoni zinakoishia. Hebu mwonee huruma.

Fedha zinazochangwa kwenye mbio hizi huenda Nyumba ya Rehoboti, jengo la mbao lenye vitanda vinane, ambako wagonjwa wasio na tumaini la kupona hulazwa na kutunzwa bila kulipa senti. Miaka mitatu iliyopita Cleophus Gadson, fundi bomba na mume wa Bi Arnetta, alilala huko majira yote ya baridi hadi alipofariki.

"Sikuweza kuacha kazi," anasema. "Mimi niko barabarani nagawa barua, na huko kuna mtu amemshika mkono mume wangu. Nikifika jioni namkuta amenyolewa ndevu, amepakwa mafuta miguuni, anabishana na muuguzi juu ya besiboli. Aliondoka duniani akiwa anashinda ubishi. Utalipaje kitu kama hicho? Hulipi. Unakimbia."

Na kuna desturi. Kila mkimbiaji huandika juu ya namba yake jina la mtu aliyelala Rehoboti. Akivuka mstari wa mwisho, jina lile husomwa kwa kipaza sauti, kengele hugongwa, na watu wote huvua kofia. Ikifika saa saba mchana barabara hufunguliwa kwa magari, shughuli hufungwa kwa sala, na baada ya amina hakuna jina linalosomwa tena.

Mwaka jana Cleophus hakusomwa. Basi dogo linalookota waliochoka lilimkuta Bi Arnetta amekaa kwenye kibaraza cha Bi Oletha Dumas, mwenye miaka tisini na moja, kipande cha keki ya siagi mkononi, akisikiliza habari za upasuaji wa nyonga tangu sindano ya kwanza. Hakuwa amechoka hata kidogo. Alipanda basi, akaketi nyuma na keki yake, akalia njia nzima.

"Nililia kwa sababu keki ilikuwa tamu," anasema, kisha anaacha kucheka. "Hapana. Nililia kwa sababu nilimwahidi Cleo, halafu nikamsahau kwa ajili ya nyonga ya mtu."

Ndiyo maana mwaka huu Jerlean amesimama mbele yake na kidole.

Mbio zinaanza. Maili za mwanzo ni upande wa mto, kwa watu asiowajua sana, na Bi Arnetta anakwenda vizuri, ameinamia kushoto, mdomo ameufunga. Miti ya micheri imechanua maua kando ya barabara na petali zinawaangukia wakimbiaji mabegani. Meza za maji zinasimamiwa na makanisa, na makanisa yanashindana. Wabaptisti wana karanga za kuchemsha, Wamethodisti wana maji ya achari ya matango kwa ajili ya misuli iliyokaza, na kuna meza moja iliyokuwa na chai baridi yenye sukari tupu, maana akina mama wa meza hiyo hawakuona kwa nini mtu mwenye kiu apewe maji.

"Nilikunywa vikombe viwili," anasema mkimbiaji mmoja, daktari wa meno kutoka Atlanta. "Kwa kazi yangu sikupaswa. Lakini mama yule aliniangalia."

Jua limeshakuwa kali Bi Arnetta anapokata kona kuingia mitaa yake. Yuko wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho. Nyumba ya kwanza ni ya Bi Oletha. Kiti kipo, na Bi Oletha yuko kwenye kiti.

Bi Oletha hakumwita. Aliinua bango la kadibodi kubwa kuliko yeye, limeandikwa kwa rangi nyekundu: NYONGA NZIMA. PITA.

"Bi Oletha!"

"Usiniite! Huoni nimeandika?" akafoka ajuza. "Kimbia wewe!"

Nyumba ya pili, bango: MJUKUU KAPATA KAZI. UTAELEZWA. Ya tatu, wazazi wawili vijana wamebeba kila mmoja mtoto wake: MAPACHA WAMEOTA MENO, HAWAJAMBO. Kwa Bwana Teague, ambaye mbwa wake ameshararua suruali mbili za posta: MBWA AMEFUNGWA, UTASEMA NINI TENA? Na mbele zaidi, kwa maandishi ya mtu mwenye huruma: KEKI IPO. JUMATATU.

Mtaa mzima ulikuwa umekaa nje. Bi Oletha aliwapigia simu wote, kibaraza baada ya kibaraza, wiki nzima. "Nilijisikia vibaya mwaka jana," anaeleza. "Msichana wa watu alikosa jina la mumewe kwa sababu ya nyonga yangu. Tena nyonga yenyewe ya kushoto, ambayo hata siitumii sana."

Yule daktari wa meno alikuwa amepita mbele kidogo na hakuelewa kitu. "Nilidhani ni desturi ya Macon," anasema. "Kila bango nililisoma, nikajibu, 'Asante, hata mimi sijambo.'"

Bi Arnetta alikimbia akilia na kucheka pamoja, makamasi yakimtoka, akipunga mikono yote miwili. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuvaa viatu vya posta, alipita vibaraza vya marafiki zake bila kusimama, na hakuna aliyekasirika. Kwa saa aliyokuwa nayo mkononi, angefika na dakika za kubaki.

Kisha akafika nyumba ya Mzee Rufus Mabry.

Mke wa Mzee Mabry, Inez, alifariki Rehoboti kabla ya Krismasi. Tangu siku hiyo mzee hakutoka nje. Kila siku ya kazi Bi Arnetta hutia barua kwenye sanduku la mlangoni, hugonga mbao mara mbili, na kutoka ndani husikia mara mbili zikijibiwa. Hayo ndiyo yamekuwa mazungumzo yao majira yote ya baridi. Bi Oletha alimpigia simu pia, naye hakupokea.

Leo alikuwa amekaa kibarazani, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, mikono juu ya magoti. Hakuwa na bango.

Bi Arnetta akasimama.

"Ningempitaje?" anauliza. "Wengine wote waliniambia hawajambo. Yeye hakuniambia."

Alipanda ngazi, akaketi kwenye kiti cha Inez. Mzee hakumwangalia.

"Nimesikia watu wanapiga makelele," akasema mzee. "Nikatoka kuona."

"Umefanya vizuri."

"Sina neno la kusema, Arnetta."

"Basi tusiseme."

Wakakaa. Basi dogo likatokea kwenye kona, likasimama mbele ya nyumba. Dereva aliwatazama wawili wale, akagundua kwamba kioo chake kina vumbi, akashuka kukifuta. Alikifuta sana.

Ni mzee aliyeliona jina la Cleophus kwenye namba. "Hapo ndipo wanaposoma?"

"Ndipo." Bi Arnetta akainyoosha karatasi kifuani. "Inez naye nimchukue?"

Mzee akatoa kalamu mfukoni. Karatasi ilikuwa kifuani mwa mwanamke anayehema, kwa hiyo kuandika majina mawili tu kulichukua muda wa kuchemsha mayai. Alipomaliza alikisoma alichoandika, akakunja uso kama mtu anayeumwa jino.

"Haya," akasema. "Unakaa kitako kwangu unafanya nini? Nenda!"

Alikwenda. Zilikuwa zimebaki maili mbili, na saa haikuwa upande wake tena.

Kwenye mstari wa mwisho kipaza sauti kilikuwa mkononi mwa Shemasi Lucius Tolbert. Sifa yake mjini ni moja: hajui kumaliza sala. Akiombea chakula cha harusi, kuku hupoa, mchuzi huganda, na watoto huanza kula mikate mezani macho yakiwa yamefumbwa. Miaka yote kamati humsihi afupishe. Saa saba ilipogonga, askari wa barabarani akaanza kuinua koni za kuzuia magari, na mwenyekiti wa kamati akamnong'oneza shemasi, "Kifupi tu, ndugu yangu. Tafadhali."

"Tuinamishe vichwa," akasema shemasi.

Hapo hapo akahisi koti lake linavutwa nyuma. Alikuwa Jerlean. "Bado hajafika, Shemasi," akanong'ona. "Ninakuomba kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Omba."

Shemasi Tolbert akaomba. Alishukuru kwa mto na kwa daraja juu ya mto. Alishukuru kwa micheri na kwa aliyeipanda. Aliwashukuru askari, akawashukuru mama waliowazaa askari. Alishukuru kwa koni, moja moja. Alishukuru kwa vyoo vya kukodi na kwa yule mtu mwaminifu atakayekuja kuvichukua. Mtu mmoja nyuma alisema "Amina" kwa sauti ya matumaini, Jerlean akamgeukia, na hakusema tena.

"Kweli nilikuwa nimeishiwa," anakiri shemasi. "Sijawahi kuishiwa. Nilikuwa nimeshafika kwenye kushukuru kwa viatu, nikaanza kutaja kamba za viatu. Ndipo nikasikia watu wanashusha pumzi."

Bi Arnetta alikuwa darajani, ameinamia kushoto, katikati ya barabara tupu. Nyuma yake lilikuja basi dogo taratibu, taa zikiwaka, likiwazuia wenye magari wasimpite. Watu walikuwa bado wameinamisha vichwa, kwa maana sala haijaisha, lakini kila jicho lilikuwa wazi. Alivuka mstari. Shemasi akainama kusoma kifua chake.

"Cleophus Gadson," akasoma. Kengele ikalia. Akaisogeza miwani mbali na uso, akasoma maandishi yaliyopindapinda. "Na Inez Mabry." Kengele ikalia tena. Kisha, polepole, kama mtu anayeweka mzigo chini, "Amina."

Mia mbili na ushei wakaitika. Jerlean alimkumbatia dada yake kwanza, kisha akaanza kumsema.

"Nina deni kwa kila mtu katika mji huu," Bi Arnetta anasema, miguu ndani ya karai la maji ya chumvi jikoni kwake, sahani ya kuku na sukuma wiki mapajani. "Na ni deni zuri. Ninalifurahia."

Jumatatu alirudi kazini akichechemea. Alikula keki kwa Bi Oletha, akasikia nyonga upya. Kwa Mzee Mabry alitia barua kwenye sanduku, akagonga mara mbili. Safari hii mlango ulifunguliwa.

"Walisoma?" mzee akauliza.

"Walisoma. Yote mawili."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Nyuma yake, ukutani, palikuwa na kipande cha kadibodi na kopo la rangi ambalo halijafunguliwa. Bi Arnetta amejiandikisha tayari kwa mbio za mwakani, na inaelekea habari hiyo ilishafika.

"Mwakani na mimi nitakuwa na bango," akasema mzee. "Sasa niandike nini?"

"Andika hujambo, nami nitapita."

"Na kama siku hiyo mimi si mzima?"

Bi Arnetta akaupandisha mkoba begani.

"Basi usiandike kitu," akasema. "Ninyanyulie kadibodi tupu. Nitasimama."